Mpinzani Asiyeogopa Kikohozi

Nakuandikia wewe uliyeanzishiwa dawa za TB sugu hivi karibuni na bado hujajua umwambie nani na umfiche nani. Habari za vidudu na mapafu utaelezwa kliniki mpaka uchoke, kwa hiyo sitazigusa. Nataka kukueleza habari ya kukaa peke yako chumbani, ya mchezo wa chesi, na ya jambo moja nililolificha mpaka likakaribia kunimaliza. Likikutokea, ujue hukuanza wewe.

Naitwa Mwajuma, lakini hapa Utemini, Singida mjini, karibu kila mtu ananiita Mama Nasra. Nina kibanda cha kutoa kopi na kuchapa barua. Mume wangu, Jumanne, anauza vipuri vya pikipiki. Nilianza kukohoa wakati watu wanavuna alizeti, nikasema ni vumbi. Nilipewa dawa za kawaida, nikapona nusu, kisha upepo wa Juni ya mwaka uliofuata ukaja na kikohozi kikarudi na damu. Safari hiyo waliponipima waliniweka kwenye benchi la nje, upande ambao upepo unavuma kutoka kwetu kwenda uwanjani na siyo kwenda kwa watu. Ukikaa kwenye benchi hilo unaelewa kabla hujaambiwa.

Watoto wetu wawili walipelekwa Shelui kwa shangazi yao. Jumanne akahamia chumba cha mbele. Mama mkwe wangu akaja kutoka Misigiri na kapu lake la nguo, akafunga barakoa aliyopewa kliniki, akasema, "Mimi nimeshazeeka. Nitampikia." Hakusema tena jambo lolote kuhusu ugonjwa kwa wiki nzima.

Chesi alinifundisha Jumanne mwaka tulipooana. Yeye aliijua sekondari. Jioni nyingi za ndoa yetu zimepita juu ya ubao ule wa plywood, majirani wakiuliza ni drafti gani hiyo yenye farasi. Nilipotengwa, alijaribu kuuendeleza mchezo. Aliweka kiti uani, nje ya dirisha langu, mimi nikakaa ndani na ubao. Yeye alitaja, mimi nikasogeza kete zake na zangu.

"Farasi, F tatu," angesema.

"Unaniletea farasi mapema hivyo?"

"Sogeza, mama. Usinifundishe."

Nilifurahi sana siku zile. Lakini niliona kiti kinarudi nyuma. Kwanza kilikuwa chini ya dirisha, halafu karibu na kamba ya nguo, halafu karibu na choo, mpaka ikabidi apaze sauti na mimi sina pumzi ya kujibu. Siku moja hakuja. Kesho yake akaja na kusimama.

"Siyo wewe ninayekuogopa," alisema. "Kile kikohozi kinapoanza, mwili wangu unaondoka wenyewe."

Nilimwambia naelewa. Nilielewa kweli, na bado nililia. Baada ya siku chache alinipa kishikwambi cha zamani alichokinunua kwa mteja wake, kioo kimepasuka pembeni. "Humo unaweza kuweka programu za chesi," alisema. "Tafuta moja nzuri ya kufanyia mazoezi. Ukipona utanifunga."

Nikaanza kutafuta mpinzani asiyeogopa kikohozi.

Ya kwanza niliyoipakua ilikuwa ile ambayo kila mtu mtandaoni anaisifu kwa nguvu. Nilifikiri mazoezi mazuri ni kucheza na mwenye nguvu. Ilinifunga kabla sijamaliza kutoa kete zangu nyuma. Nikarudia, ikanifunga tena kwa njia nyingine. Haikuwa na haraka wala hasira. Kila nilipoinua kidole, jibu lilikuwa limeshafika. Nilijiona kama mtu anayeongea na ukuta, na ukuta unajua sentensi yake inakoishia. Mgonjwa hahitaji hilo. Nikaifuta.

Ya pili ilikuwa na uso wa katuni na sauti ya kike inayokusifu. Ukifanya kosa inasema usijali, ukishinda inakupigia makofi. Katikati ya mchezo inakuletea matangazo ya kubeti. Halafu haikuwa mwaminifu: ingecheza kama bingwa hatua nyingi, kisha ghafla ingeacha malkia wake ovyo, ili tu nishinde. Sikupenda kuhurumiwa na kitu kisicho na roho. Huruma nilikuwa naipata ya kutosha pale nyumbani. Nikaifuta nayo.

Ya tatu haikuwa na uso, haikuwa na sauti, wala haikuhitaji bando. Ubao wa kahawia na mweupe, basi. Ungeweza kuipunguza nguvu ngazi kwa ngazi, na ikipunguzwa ilikosea kama binadamu anavyokosea, makosa madogo ya uvivu. Tena ilikuwa na kitu kimoja kilichonishika moyo. Haikujibu papo hapo. Ilitulia. Ukihangaika kukohoa, ukienda kutema, ukirudi ilikuwa bado inakungoja, na ukisogeza kete nayo ilitulia kidogo kama mtu anayeshika kidevu. Niliiweka ngazi ya chini ya katikati na nikasema, huyu ndiye.

Miezi ile ya upepo na baridi tulicheza kila siku, mimi na ile programu. Asubuhi nilikwenda kliniki kumeza dawa mbele ya Sista Agripina, muuguzi wetu. Vilikuwa vidonge vingi, vya rangi na ukubwa tofauti, na alisubiri mpaka cha mwisho kishuke. Nikirudi nilitapika au nililala. Mchana nilicheza. Ngozi yangu ilianza kubadilika, kwanza usoni, halafu mikononi, ikawa nyeusi yenye wekundu kama kahawa iliyochemka mara mbili. Nyayo ziliwaka moto. Kwenye kioo cha kishikwambi, skrini ikizima, niliona uso wa mwanamke nisiyemjua vizuri, nikawa nakiwasha haraka.

Upepo ulipotulia na joto la Septemba likaanza, nikasikia kete.

Ulikuwa mlio mdogo, wa mti kugusa mti, kila programu iliposogeza. Nikadhani nimegusa mahali nikawasha sauti. Nikaangalia, sauti ilikuwa imezimwa. Nikakiweka kishikwambi sikioni wakati inacheza. Hakikuwa na mlio wowote. Mlio ulitoka upande wa pili wa kitanda.

Siku zilizofuata ikaja sauti ya mtu. Ilikuwa ya mwanamume, ya chini, kama anasema huku kitambaa kimemziba mdomo. Haikuwa ya Jumanne. Ilitaja hatua. "Ngome, D nane." Kisha programu ingetulia kama kawaida yake, na ngome ingekwenda D nane.

Nataka nieleze hili sawasawa. Sauti ilitangulia, hatua ikafuata. Na haikukosea mara nyingi. Baadaye Sista Agripina aliniambia kwamba nilikuwa nimeshacheza na ile programu muda mrefu, kichwa changu kikaijua kama unavyomjua mume, na hatua nilizibashiri mwenyewe, ila ubashiri ulinijia na sauti. Inawezekana. Sina maelezo mengine na siyatafuti. Lakini sauti ile iliniita Mwaju. Hakuna mtu Singida anayeniita Mwaju. Hilo jina liliishia kwetu, nilipokuwa mtoto.

Mwanzoni sikuogopa, na hilo ndilo linalonitisha sasa nikikumbuka. Nilikuwa mpweke kiasi kwamba nilifurahi kuitwa. Nilianza kuijibu. Ikisema "Askari," ningesema "nimeona." Ikinyamaza ningeuliza kama ipo.

Halafu ikaweka masharti. "Ukishinda, kesho meza dawa zao. Ukifungwa, pumzika." Ilisema kwa upole, kama mtu anayekuonea huruma kwa jinsi unavyotapika. Nikakubali, kwa kuwa nilikuwa nashinda. Nilishinda kwa siku kadhaa, nikameza. Kisha nikafungwa. Kesho yake kliniki niliviweka vidonge viwili vya mwisho kati ya shavu na ufizi, nikanywa maji, nikafungua mdomo, nikavitemea kwenye kanga njiani. Nilirudi nyumbani nikiwa mwepesi. Ile sauti ikanisifu. Baada ya hapo nikawa nafungwa mara nyingi zaidi, ingawa ngazi sikuigusa.

Mama mkwe alikuwa na kawaida ya kukaa kizingitini mchana, mlango wazi, akichambua mchele au mboga, barakoa usoni. Hakuwa mtu wa maneno. Siku hiyo aliacha ungo mapajani akanitazama muda.

"Unacheza na nani, mwanangu?"

"Na hiki kishikwambi, mama."

"Huwa kinasema?"

"Hapana. Ndiyo maana nilikichagua."

Akachambua mchele kidogo. Akatoa kijiwe akakitupa uani.

"Sasa unamjibu nani?"

Nilikuwa najua kwamba nasikia, lakini sikujua kwamba nasema kwa sauti, na kwamba mtu mwingine alikuwa chumbani na sisi siku zote akinisikiliza.

"Naongea mwenyewe," nilisema. "Upweke."

Aliondoka. Nilimsikia uani akimwambia Jumanne, kwa Kinyiramba, maneno mengi na mazito. Jumanne alikuja dirishani jioni ile, akasimama karibu kuliko alivyosimama kwa miezi.

"Mama anasema tumwite sheikh akusomee. Anasema hicho kitu kimeleta mgeni."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi nasema umechoka." Akashika nondo za dirisha, akaziachia. "Mama Nasra, una shida yoyote ya kichwa? Niambie tu."

Nilisema sina. Nilikuwa tayari ni mwanamke wa kifua, ambaye vikombe vyake vinaoshwa kwa jiki. Sikutaka niwe pia mwanamke wa wazimu. Nilifikiri nikisema, watoto hawatarudishwa tena. Kwa hiyo nikanyamaza, na mama mkwe akakichukua kishikwambi nikiwa bafuni akakifukia kwenye debe la mahindi. Nilimkasirikia sana. Hatukusemezana siku tatu hivi, yeye akiweka sahani kizingitini na mimi nikiirudisha nusu.

Mchezo haukukoma. Jua la alasiri liliingia kupitia nondo za dirisha na kuchora miraba sakafuni, myeupe na myeusi, na sauti ikaendelea kutaja hatua bila ubao na bila kishikwambi. Ila sasa haikutaja hatua za kete. Ilitaja zangu. "Mwaju, mbili mbele." Nikasogea. "Moja kando." Nikasogea. Nilijua huo ni mwendo wa farasi na niliona kama ni jambo la maana.

Siku nilipotoka, sikumbuki kuvaa. Nakumbuka geti, na ukuta wa msikiti, na jua la mchana wa Oktoba ambalo halina kivuli. Nilikuwa natembea mbili mbele, moja kando. Gari likinipigia honi nilingoja kimya, kwa adabu, kama mtu anayesubiri zamu yake. Nikayapita majabali, nikashuka ziwani, Singidani, penye ukingo mweupe wa chumvi. Maji yake mazito yalikuwa hayatikisiki. Heroe, wale ndege wa waridi, walikuwa wamesimama mbali, wengi, wote wamegeukia upande mmoja, na kwa akili yangu ya siku ile walikuwa kete ambazo hazijaanza kuchezwa. Sauti ilisema imebaki hatua moja. Maji yalikuwa yamefika magotini na tope lilikuwa la moto.

Mtu akanishika kanga kwa nyuma.

Alikuwa mama mkwe, miguu mitupu, ndala zangu mkononi, hana barakoa. Alikuwa anahema vibaya kuliko mimi.

"Nimekuita toka msikitini," alisema. "Nimekuita jina lako, nimekuita mama wa watoto wako. Ulikuwa unahesabu."

"Amesema imebaki moja," nilimwambia. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumtaja kwa mtu.

Nilitegemea apige kelele kwamba ni shetani. Alinitazama usoni, ule uso wangu mpya mweusi, akasema, "Mwambie kwamba mama yako amekataa." Akanivuta. Tulirudi mpaka pakavu, akainama akanivalisha ndala mguu mmoja mmoja kama mtoto. Kisha akalia bila sauti, kitu ambacho sikuwahi kukiona.

Sheikh hatukumwita siku hiyo. Tulikwenda kliniki vile vile tulivyo, na tope kavu miguuni. Mama mkwe aliingia kabla yangu na kumwamkia daktari kijana ambaye angeweza kuwa mjukuu wake, kwa sababu alikuwa anaomba. Mimi nilimweleza Sista Agripina kila kitu: kete, sauti, masharti, vidonge vya shavuni. Nilikuwa nangoja uso wake ubadilike. Haukubadilika.

"Wewe si wa kwanza," alisema. "Kuna dawa moja humo, wengine inawafanyia hivyo. Nilikuuliza kila wiki kama unalala, kama una mawazo. Ulinijibu salama."

"Niliogopa utaniandika kichaa."

"Ningeandika kwamba kidonge hakikufai."

Daktari aliniondolea dawa moja, akaniwekea nyingine, akanipa na ya kutuliza kichwa. Walinilaza kwa muda. Vile vidonge nilivyovitema viliniongezea safari. Ilibidi wapime upya kuona kama nimejiharibia. Kusubiri majibu yale kulinitesa kuliko majibu ya kwanza kabisa. Yalitoka mazuri. Nilishukuru Mungu palepale kwenye benchi na yule jirani yangu wa benchi, nisiyemjua, akaitikia.

Sauti haikuondoka siku moja. Ilipungua kama redio ya gari linalokwenda mbali. Ilibaki jina tu, Mwaju, Mwaju, halafu mlio wa kete bila jina, halafu asubuhi moja, mvua za kwanza zikinyesha juu ya bati, nikatambua kwamba nasikia mvua peke yake. Nitakuambia kweli ambayo sikumwambia hata Jumanne: nilihuzunika. Nililala nikaitegea sikio. Ukifikia hapo, usishtuke, na usiifuate.

Mvua zilipokolea makohozi yangu yalikuwa safi na watoto walikuja kusalimia, kwanza uani, halafu ndani. Nasra alinishika mkono akaugeuza kuangalia kama rangi inatoka. "Rangi yako itarudi?" aliuliza. Nilisema itarudi polepole. Imerudi, karibu yote. Miguu bado inawaka usiku wa baridi.

Jumanne ndiye aliyelitaja lile debe la mahindi. Siku hizo alikuwa ameanza kuingia chumbani na kukaa ukingoni mwa kitanda. Alisema, "Nimekitoa. Kipo kabatini. Ukitaka nitakivunja, ukitaka nitakuletea. Uamue wewe."

Ilinichukua mpaka mavuno kuamua. Tulikaa wote wawili tukaichagua upya programu ya mazoezi, kama watu wanaochagua msichana wa kazi. Ile ya tatu, ya kimya, niliifuta mwenyewe. Haikuwa na kosa lolote. Ilikuwa programu tu, nzuri, na ninaamini hivyo. Lakini kimya chake kilikuwa na nafasi kubwa mno ya mtu mwingine kuingia. Tulichukua moja yenye mafunzo, inayokuonyesha kosa lako kwa mshale na kukurudisha nyuma ucheze tena. Inajibu haraka, na mimi nataka ijibu haraka. Nacheza uani, penye watu, na nikifika nusu saa nafunga. Hayo ndiyo masharti yangu mimi. Wewe ukitaka mwenzi wa mazoezi ukiwa kwenye dawa hizi, tafuta programu, haina ubaya, kichwa kinahitaji kazi. Ila usiipe nafasi ya binadamu hata kama binadamu wamerudisha viti nyuma. Na ukisikia chochote ambacho wengine hawasikii, kiseme siku hiyo hiyo, hata kama kinakuita kwa jina unalolipenda.

Nilimaliza dawa msimu wa mvua wa pili. Mama mkwe alikwenda kwake Misigiri kulima, na kila anapopiga simu anaanza kwa kumuuliza mwanawe, "Anaongea na nani siku hizi?" Jumanne anajibu, "Na mimi, mama," na anasema kwa sauti ili nisikie.

Bado naenda kliniki kwa vipimo vya kufuatilia. Mara ya mwisho, kwenye benchi la nje, nilikaa karibu na mwanamume wa makamo, dereva wa lori, uso umeshaanza kuwa na ile rangi. Tulisalimiana. Alinieleza kuhusu tumbo na miguu. Katikati ya maneno yake alinyamaza, akageuza kichwa kidogo kushoto, upande usio na mtu, akangoja, kisha akaitikia kwa kichwa na kuendelea na habari yake ya miguu.

Nilingoja amalize.

"Kaka," nilisema, "na mimi niliwahi kusikia."

Alitazama mlango wa kliniki. Alitazama mikono yake. Kisha alisogea karibu, karibu kuliko tunavyoruhusiwa kukaa pale.

"Ya kwako," aliniuliza, "ilikuwa ya mwanamume au ya mwanamke?"

"Ya mwanamume."

"Yangu ni ya mwanamke." "Anasema nisikuamini."

"Najua," nilimwambia. Nikasimama, nikamnyooshea mkono, na wakati Sista Agripina anaita namba ya mtu wa mbele yetu tukaingia wote wawili, bila kungoja zamu.